Chotara Huyu Atawinda? Namna ya Kumpima Mbwa wa Mchanganyiko Usiozoeleka

Jike wa Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, amezaa na dume la Dachshund, mbwa mfupi wa kuwinda. Watoto wana miguu mifupi, masikio yaliyolala, na macho yanayokufuata kila uendako. Mwenye nao anauliza kama watawinda, na kabla hajamaliza swali amekwisha kupata majibu mawili. La kwanza ni ndiyo: mtoto wa nyoka ni nyoka, na baba yao ni mbegu ya kuwinda. La pili ni hapana: chotara hana msimamo, huwezi kujua atafanya nini. Yote mawili hutolewa kwa uhakika mkubwa, na yote mawili yamekosea, ingawa kila moja limegusa kipande cha ukweli.

Mkanganyiko huu una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mbwa. Ananunuliwa kwa jina la baba yake, anapelekwa porini akiwa na miezi mitano, anashindwa, anatupwa. Au hapewi nafasi kabisa kwa sababu ya jina la mama yake. Kwa hiyo tulifungue swali hili taratibu, tukianzia kwenye maneno yenyewe.

Mbegu ni kundi la mbwa waliozalishwa wao kwa wao kwa vizazi vingi, wakichaguliwa kwa sura au kwa kazi, hadi watoto wakawa wanafanana na wazazi kwa kiasi cha kutabirika. Chotara ni mtoto wa mbegu mbili tofauti. Mbwa koko ni yule ambaye ukoo wake haujulikani, na wazazi wake nao walikuwa hivyohivyo. Watu huchanganya chotara na koko kila siku, ilhali kwa mtu anayetaka kutabiri tofauti ni kubwa: kwa chotara una pa kuanzia, kwa koko huna budi kumtazama mbwa mwenyewe tu.

Tena mbegu nyingi zinazoheshimiwa leo zilianza kama chotara. Rhodesian Ridgeback, mbwa aliyesifika kwa kumzuia simba mahali pamoja hadi mwindaji afike, alitokana na mbwa wa Wakhoikhoi wenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, waliochanganyika na mbwa wa walowezi wa Kizungu kusini mwa Afrika. Vigezo vya mbegu hiyo viliandikwa Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Nchini Argentina, Antonio Nores Martínez alianza katika miaka ya 1920 kuchanganya mbwa wa kupigana wa Córdoba na mbegu nyingine kadhaa, akitafuta mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu. Ndiye Dogo Argentino wa leo. Kwa hiyo neno chotara halina aibu ndani yake. Linaonyesha tu kwamba kazi ya kuchagua bado ni changa, au haijaanza.

Uwindaji una vyumba vingi

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Tunasema "mbwa wa kuwinda" kana kwamba kuwinda ni kitu kimoja ambacho mbwa anacho au hana.

Mtazame mbwa mwitu wa kijivu, ambaye ukoo wake ndio uliozaa mbwa wote wa nyumbani. Anapowinda hupita hatua zinazofuatana: hutafuta kwa pua, macho na masikio, humkazia macho mnyama aliyemwona, hunyemelea, hufukuza, hukamata, huua, hurarua, hula. Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani aliyechunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi, alieleza kwamba mbegu za mbwa hutofautiana kwa namna mlolongo huu ulivyonyooshwa hapa na kukatwa pale.

Fikiria nyumba ndefu yenye vyumba vinavyofuatana, kila kimoja na mlango wake. Mbwa mwitu hupita milango yote hadi chumba cha mwisho, kwenye chakula. Binadamu alipowazalisha mbwa kwa kazi mbalimbali, milango mingine aliiacha wazi kabisa, mingine akaitia komeo. Pointer hufika kwenye kunyemelea akaganda hapo, mguu mmoja juu, pua ikielekea alipo ndege. Greyhound mlango wake wa kufukuza uko wazi kiasi kwamba akiona kitu kinakimbia hasikii tena jina lake. Beagle hukaa kwenye chumba cha kutafuta, pua chini, saa baada ya saa. Labrador hufuata na kukamata, lakini mlango wa kuua umefungwa, ndiyo maana hukuletea ndege mdomoni bila kumponda. Border Collie hukazia macho, hunyemelea na kufukuza, kisha husimama, kwa sababu mchungaji hakutaka kondoo aliyeumwa. Na Dachshund, aliyezalishwa Ujerumani kumfuata mnyama ndani ya shimo lake, gizani, peke yake, mlango wa kukamata na wa kuua yote iko wazi. Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu mule shimoni hapakuwa na bwana wa kumwambia afanye nini.

Sasa rudi kwa watoto wetu wa miguu mifupi. Mama anafunga pale baba anapofungua. Mama anamtazama binadamu kila hatua. Baba amezoea kuamua mwenyewe. Mmoja wa watoto anaweza kumnyemelea sungura kama mama yake na kumwua kama baba yake, na mwingine akamnyemelea kisha akabaki amesimama, akitazama, huku sungura anaondoka. Waliosema "mwana wa mhunzi asiposana huvukuta" waliliona hili: mtoto hurithi kipande cha kazi, na kipande hicho huenda kisiwe kile ulichokuwa unakitaka.

Basi swali la kwanza ni kazi gani unataka mbwa aifanye. Kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, kuokota ndege majini na kumfukuza sungura mbugani ni kazi tatu zinazodai milango mitatu tofauti. Mbwa mbovu kabisa kwa moja anaweza kuwa hazina kwa nyingine.

Shanga hazichanganyiki kama rangi

Watu wengi huwaza urithi kama rangi: mimina nyekundu, mimina nyeupe, upate waridi. Baba mwenye kasi na mama mwenye pua wangezaa mtoto mwenye kasi nusu na pua nusu. Urithi haufanyi kazi hivyo. Ufikirie kama shanga. Mbwa ana kromosomu 78, nyuzi zinazozibeba shanga hizo, yaani jozi 39, na kila mzazi hutoa moja tu kutoka katika kila jozi. Mtoto hupata konzi moja ya shanga kutoka kwa mama na konzi moja kutoka kwa baba, na kila shanga hubaki na rangi yake. Nyingine hujitokeza, nyingine hujificha chini ya wenzake hadi kizazi kinachofuata.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi katika jimbo la Maine, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1965. Walichanganya Basenji, mbwa wa kuwinda kutoka Kongo anayejulikana kwa kutobweka, na Cocker Spaniel, mbwa mpole anayebweka kwa urahisi. Ungetegemea watoto wabweke wastani na wawe wapole wastani. Sivyo walivyotoka. Katika kubweka walifuata upande wa Cocker. Katika kukataa kushikwa walipokuwa wadogo walifuata upande wa Basenji. Sifa mbili, na kila moja imekwenda njia yake ndani ya mbwa yuleyule. Mwindaji anayetaka mbwa wa kimya na mpole angepata kinyume katika yote mawili, na wala asingekuwa na sababu ya kuwalaumu wazazi.

Kuna mambo yanayoamuliwa na jeni moja tu, yaani shanga moja, na hayo hutabirika vizuri. Miguu mifupi ya Dachshund na Basset ni mojawapo: mwaka 2009 wanasayansi waligundua kwamba inatokana na nakala ya ziada ya jeni moja, na nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja yatosha kufupisha miguu. Kwa hiyo ukimzalisha Dachshund na mbwa mrefu, usiwategemee watoto kwa mbio ndefu. Hapo huna haja ya kusubiri kuona.

Lakini pua, ustahimilivu, ujasiri na hamu ya kufuata windo hazina jeni moja. Zinabebwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na malezi yakiongeza sehemu yake kubwa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, chotara wakiwa wengi miongoni mwao. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Sifa iliyofuata mbegu zaidi kuliko nyingine ilikuwa utayari wa kusikiliza maelekezo ya binadamu. Utafiti huo ulitegemea majibu ya wamiliki, haukumpima mbwa porini, kwa hiyo sisemi kwamba mbegu haina maana kwa mwindaji. Ina maana. Ila mtu anayesema "huyu ana damu ya Pointer, lazima ataonyesha ndege alipo" amejipa uhakika ambao damu haiwezi kuutoa.

Na hata kitu kizuri kina kipimo chake. Kwa Whippet, mbwa mwembamba wa mbio, kuna badiliko dogo katika jeni inayodhibiti ukuaji wa misuli. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba aliyerithi nakala moja ya badiliko hilo huwa na misuli zaidi na mara nyingi hushinda wenzake. Aliyerithi nakala mbili hufura misuli mwili mzima, umbo lake likawa zito lisilo la mkimbiaji. Jeni ileile, moja msaada, mbili mzigo.

Kwa nini michanganyiko mingine hufaulu

Uingereza kuna mbwa aitwaye lurcher. Si mbegu, ni jina la mchanganyiko: mbwa wa mbio kama Greyhound amezalishwa na mbwa wa mifugo au terrier, mbwa mdogo wa kuwinda wanyama wa mashimoni. Mchanganyiko wa Greyhound na Collie umedumu kwa sababu inayoeleweka ukikumbuka ile milango. Wote wawili mlango wa kufukuza uko wazi, hapo hawagombani. Greyhound anachokosa ni subira na sikio la kumsikiliza bwana wake. Collie anavyo kwa wingi. Collie anachokosa ni kasi ya mwisho. Greyhound anayo, karibu kilomita 70 kwa saa. Kila mmoja anajaza pengo la mwenzake bila kuvunja kazi yake.

Hicho ndicho kipimo changu ninapousikia mchanganyiko wa ajabu: je, wazazi wanakubaliana kwenye hatua ile kuu ya kazi unayoitaka, kisha wanatofautiana kwenye mapengo tu? Kama wanapingana kwenye hatua kuu yenyewe, huo ni mchezo wa bahati.

Mchanganyiko wa Poodle na Pointer ulionekana wa ajabu pia. Ulianza Ujerumani mwaka 1881, na leo Pudelpointer ni mbwa wa ndege anayeaminiwa. Wanaomjua Poodle kwa mitindo ya manyoya husahau kwamba alikuwa mbwa wa majini, mwokotaji hodari, mwepesi wa kufundishika. Pointer alileta pua na kule kuganda. Hata hivyo wazalishaji hawakuridhika na uzao wa kwanza. Waliendelea kuchagua kizazi baada ya kizazi, wakiongeza damu ya Pointer kuliko ya Poodle, wakiwapima mbwa kazini na kuwaacha waliopungukiwa. Anayekuuzia mtoto wa uzao wa kwanza kwa sifa za Pudelpointer anakuuzia matunda ya mti ambao hajaupanda.

Madai yanayosikika kila mahali

"Chotara ana afya kuliko mbegu safi." Nusu kweli. Kuchanganya mbegu mbili huficha kasoro zilizojikusanya kwa kuzalishana ndugu, na kwa jambo hilo chotara huneemeka. Lakini mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa uchambuzi wa rekodi za mbwa zaidi ya 27,000 na magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalionekana zaidi kwa mbegu safi, 13 hayakutofautiana, na moja lilionekana zaidi kwa chotara: kukatika kwa ligamenti ya goti, jeraha ambalo mbwa wa mbio hawezi kulipuuza. Kama wazazi wote wawili wanatoka katika mbegu zenye matatizo ya nyonga, kuwachanganya hakuponyi nyonga. Na uchotara haumwongezei mbwa pua.

"Mbwa mkali ndiye mwindaji." Ukali kwa watu na hamu ya kufuata windo ni vitu viwili. Mbwa anayeng'ata wageni getini mara nyingi anasukumwa na woga au ulinzi wa eneo lake, na porini anaweza kukimbia mlio wa kwanza wa bunduki. Mbwa wengi bora wa kuwinda, wakiwa nyumbani, ni wapole hadi mtu anashangaa.

"Ongeza damu ya porini." Wapo wanaoota mbwa mwenye nusu ya damu ya mbwa mwitu wa kijivu. Mnyama huyo huwinda, ndiyo, lakini hujiwindia mwenyewe, huogopa vitu vipya na hana haja ya kukungoja. Urusi, mtafiti Klim Sulimov alichanganya mbweha (jackal) na mbwa wa kaskazini ili apate wanusaji wa uwanja wa ndege. Wenye nusu ya damu ya mbweha walikuwa wagumu kufundishika. Ilibidi wazalishwe tena na mbwa hadi damu ya mbweha ishuke kufikia robo. Ama mbwa wenye damu ya fisi, hao hawapo kabisa. Fisi si wa jamii ya mbwa. Katika ukoo wa wanyama yuko karibu zaidi na paka na nguchiro, na hawezi kuzaa na mbwa. Yule mbwa mwitu wa Afrika mwenye mabaka naye ni wa ukoo wake peke yake, hazai na mbwa wa nyumbani.

"Jike akishapandwa na koko ameharibika daima." Si kweli hata kidogo. Hakuna kinachobaki ndani ya jike kuathiri uzao ujao. Kinachoweza kutokea ni kwamba katika joto lilelile apandwe na madume wawili, na uzao mmoja ukawa na baba wawili. Hapo ndipo mashaka ya watu hupata ushahidi wa uongo.

"Mwache na njaa, atawinda vizuri." Atachoka mapema na kula windo kabla hujafika. Pia ni ukatili, na sioni haja ya kusema zaidi.

Kumpima mwenyewe

Kabla ya kumtazama mtoto, nenda ukawaone wazazi wakifanya kazi. Jina la mbegu hubeba ahadi ya mababu. Mama unayemwona akifuata harufu mbele yako anakuonyesha kilichopo sasa. Zipo koo za mbegu za kuwinda ambazo kwa vizazi vingi zimechaguliwa kwa maonyesho ya urembo tu, na komeo nyingi humo zimesogezwa bila mtu kukusudia.

Kisha tazama mwili, kwa sababu mwili hauongopi. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema. Pua fupi iliyobonyea ya Bulldog au Boxer hupunguza njia hiyo ya kujipoza, na mtoto aliyeirithi anaweza kuzidiwa na joto akiwa bado na hamu ya kukimbia. Joto la kawaida la mbwa ni takriban nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 uko kwenye hatari ya kumpoteza. Uzito nao: anayeongeza damu ya mbwa mzito ili apate nguvu za kukamata anapaswa kujua kwamba anazilipa kwa pumzi.

Usimhukumu mtoto wa wiki nane. Wakati huo, kuanzia wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na nne, kazi yako ni kumzoesha dunia: watu, maji, nyasi ndefu, sauti zinazoongezeka polepole. Mbwa aliyefungiwa katika wiki hizo ataonekana mwoga, na watu watailaumu damu yake.

Kuanzia miezi sita anza majaribio madogo. Buruta ngozi ya mnyama kwenye nyasi, acha dakika kumi, mlete aifuate. Kesho acha nusu saa. Wiki ijayo weka kona. Tazama akipoteza harufu anafanya nini. Kwangu hapo ndipo mbwa anapojieleza: mwingine hurudi alikoipotezea akazunguka, mwingine hukutazama usoni akiomba msaada, mwingine huondoka zake. Watoto wetu wa Collie na Dachshund wangetofautiana sana hapa, na tofauti hiyo ingekuambia ni nani amechukua shanga za nani. Mrushie kitu, uone kama anakuletea au anakwenda kula peke yake. Mwite akiwa anafukuza. Rudia siku tofauti, upepo tofauti, na uandike, kwa maana kumbukumbu hupenda ushindi na kusahau siku tatu za aibu zilizoutangulia.

Wapime na ndugu zake pia ukiweza. Mbwa mmoja hodari anathibitisha kwamba yeye ni hodari. Ili useme mchanganyiko wenyewe ni mzuri, unahitaji kuwaona wengi wa uzao ule, pamoja na wale waliogawiwa kimyakimya kwa majirani.

Na akitokea kweli hodari, swali linalofuata huja haraka: tumzalishe? Hapo ndipo wengi huumia. Ukimpandisha na chotara mwenzake wa mchanganyiko uleule, zile shanga zilizojificha hukutana upya, na uzao wa pili kwa kawaida hutawanyika kuliko wa kwanza: mmoja atatoka kama babu, mwingine kama bibi, mwingine asiyefanana na yeyote. Unaweza kuurudisha upande mmoja, kama walivyofanya wa Pudelpointer kwa Pointer, ukachagua tena. Lakini jiandae kupata makao mema kwa kila mtoto ambaye hatawinda, na kuwafuatilia wote hadi wafike mwaka na nusu. Kama huwezi hilo, mwache chotara wako afanye kazi aliyoonyesha kuiweza, wala usimzalishe.